Mashine ya cheni za raba kwenye kazi ya kusaga vichaka vya maweni: dalili, chanzo na dawa

Kipakiaji kidogo cha cheni za raba, ambacho mitaani huitwa Bobcat hata kikiwa cha kiwanda chengine, kimeundwa kubeba mchanga na kifusi. Kwenye ujenzi kinachota, kinamwaga, kinapumua. Ukikifunga ngoma ya kusagia vichaka, yaani silinda nzito yenye meno inayozungushwa kwa oili ya haidroli, pumzi hiyo inaisha. Injini inakaa kwenye mzigo wote saa baada ya saa, na hewa inayovutwa kupoza rejeta imejaa majani, unga wa miti na nyuzi. Hitilafu nyingi zinazofika kwa fundi kwa jina la "injini imechoka" au "pampu imekufa" ni takataka zilizokaa pasipo pake. Mkono wa kwanza uende kwenye brashi na bomba la upepo, spana baadaye.

Visiwani kuna mawili zaidi ambayo kitabu cha mashine hakiyataji. La kwanza ni jiwe la matumbawe, ambalo ardhi yake ndiyo maweni, lile la uwanda wa mashariki na kusini ya Unguja na la Micheweni kule Pemba. La pili ni chumvi ya bahari, ambayo haiko mbali popote utakapopaki. Maelezo yafuatayo yanaanzia kwenye dalili: kile anachokiona, kukisikia au kukinusa opereta. Presha na nguvu ya kukaza bolti hutofautiana kwa kila mashine, kwa hiyo namba ya hapa ikipingana na ya kitabu chako, fuata kitabu.

Geji ya joto inapanda

Tazama kwanza ni geji ipi. Mashine inapima vitu viwili, maji ya injini na oili ya haidroli, na kila kimoja kina habari yake.

Zikipanda zote mbili kwa pamoja, hewa haipiti. Rejeta, kipoza oili na mara nyingi kipoza cha AC vimepangwa mbele ya feni moja kama kurasa za daftari, na ukurasa wa kati hauonekani. Opereta anafagia wavu wa nje, anauona safi, anarudi kazini, na baada ya dakika ishirini king'ora kinalia tena. Vipoza vya mashine nyingi hufunguka kama mlango ukishatoa bolti mbili au kishikio. Vifungue, weka tochi upande mmoja, tazama kutoka upande wa pili. Penye kiza kipana kama kiganja ndipo penye ugonjwa.

Pulizia kinyume cha njia inayoingilia hewa. Presha isizidi bar 2 na nozeli ikae umbali wa shibiri moja. Mapezi ya vipoza ni aluminiamu nyembamba. Mashine ya presha ya kuoshea magari huyalaza, na pezi lililolala halipitishi hewa hata likiwa linang'aa. Ukikuta vumbi limechanganyika na oili likawa kama lami, upepo hautalitoa: paka maji ya sabuni injini ikiwa imepoa, subiri dakika kumi, suuza taratibu. Maji yawe matamu. Visima vingi vya pwani ya mashariki vina maji ya chumvichumvi, na ukiyatumia kila siku unajitengenezea tatizo jengine la mwakani.

Kinachoziba kinategemea unachosaga. Majani ya mvinje ni sindano: yanapenya matundu ya wavu wa kiwanda na kulala katikati ya mapezi. Kwenye shamba la mivinje funga wavu wa ziada kwa nje, matundu ya milimita 2 hadi 3, unaotoka kwa mkono bila spana. Uwe nao miwili, mmoja kazini na mmoja unakung'utwa. Mnazi unatoa nyuzi zinazosokotana na kufunika wavu kama jamvi; hizi hazipulizwi, zinachunwa kwa mkono. Ukoka na magugu mabichi ya Masika yana majimaji yanayogandisha vumbi, kwa hiyo siku za mvua mashine huziba pia, tena kwa kitu kizito zaidi. Upupu hauzibi sana, lakini anayepuliza rejeta iliyopita kwenye upupu bila miwani, barakoa na mikono mirefu atajikuna mpaka usiku.

Feni yenye kugeuza upepo inasaidia, ila watu wanaiamini kupita uwezo wake. Inatoa kilichoshikilia juu ya wavu tu, si kilichokwishaingia ndani. Ipange igeuze kila dakika 10 au 15, na kwenye mivinje kila dakika 5. Ukiweza, iache igeuze ngoma ikiwa imesimama, la sivyo inapuliza takataka na kuzivuta tena sekunde ile ile. Wakati wa Kaskazi, hasa Januari na Februari kila kitu kinapokuwa kikavu, simamisha na pulizia kila saa mbili. Miezi mingine mara mbili kwa siku zinatosha.

Oili ikipanda peke yake na maji yametulia, tazama mkono wa opereta kabla ya kuitazama pampu. Ngoma ikikwama kwenye shina, oili haina pa kupita isipokuwa kwenye vali ya usalama, na nguvu yote inageuka joto. Hesabu yake ni rahisi: lita kwa dakika mara bar, gawa kwa 600. Mashine inayosukuma lita 150 kwa dakika kwa bar 250 inatoa kilowati 62.5. Ngoma inapokwama ni kama umechomeka pasi sitini na zaidi ndani ya tangi la oili. Sekunde tano za kung'ang'ania ni nyingi. Sikiliza mlio: ukianza kushuka, vuta nyuma, iache ngoma ipate kasi, kisha ingia tena. Shina nene liliwe kutoka juu kwenda chini kwa vipande vyembamba, na mnazi uangushwe kwa msumeno na kukatwa magogo kwanza, ngoma ije baadaye.

Opereta akiwa hana kosa, nenda kwenye kapla, yaani viungio vya kuchomeka vya mipira (mabomba) ya haidroli. Kapla ambayo haikuingia mpaka mwisho inaacha vali yake ya ndani nusu wazi. Oili inabanwa pale pale na kupata joto. Ipime kwa kipimajoto cha mwanga, usiipime kwa kidole. Ikiwa kapla ina joto zaidi ya mpira ulio jirani yake kwa nyuzi 10 au zaidi, umeshapata. Zima, toa presha, safisha, unganisha upya. Baadaye angalia kama ngoma na mashine vinaoana: ngoma nyingi za kazi nzito zinataka lita 110 hadi 170 kwa dakika, na mashine ya mkondo wa kawaida haizifikii. Mwisho tazama kiwango cha oili na daraja lake la uzito. Kwa joto letu huwa ni ISO VG 46 au 68, kwa mujibu wa kitabu.

Oili ikipita nyuzi 82 za Selsiasi inaanza kuwa nyepesi mno na kukausha sili, zile pete za mpira zinazozuia mvujo. Ikikaribia 95, acha kazi. Usizime ghafla: inua ngoma, isimamishe, acha injini izunguke polepole feni ikifanya kazi mpaka geji irudi. Ukizima injini ya moto, tabo (feni ndogo inayozungushwa na moshi wa ekzosi kusukuma hewa kwenye injini) inabaki inachemsha oili iliyo ndani yake bila mzunguko.

Maji yakipanda peke yake, mambo ni yale yale ya gari lolote: maji yamepungua, mfuniko wa rejeta haushiki presha, mkanda wa feni umelegea, thamostati imekwama. Mfuniko haufunguliwi injini ikiwa moto.

Harufu ya kuungua, au moshi mwembamba usio wa ekzosi

Hapa usisubiri geji. Mashine za kazi hii huteketea zaidi kwa takataka kuliko kwa hitilafu ya injini. Ekzosi na tabo chini ya mzigo hupita nyuzi 400, na majani makavu yanaweza kuanza kufuka kabla ya 300. Sehemu za kutazama ni tano: juu ya ekzosi na tabo, sahani ya chini ya injini, nyuma ya kebini zinapopita nyaya, kwenye vichwa vya betri, na beringi za ncha mbili za ngoma.

Saa ya hatari kuliko zote ni nusu saa baada ya kuzima. Feni imesimama, hakuna hewa, na joto la injini linapanda juu badala ya kutolewa nje. Adhana inalia, opereta anazima palepale alipofika, katikati ya takataka alizosaga, anakwenda msikitini. Akirudi anakuta majivu. Utaratibu usiobadilika, iwe Ijumaa, futari au mwisho wa siku:

1. Toa mashine kwenye masalia, ipaki kwenye ardhi tupu, mita 15 kutoka penye majani.
2. Iache izunguke polepole dakika 5, kisha zima.
3. Pulizia ekzosi, tabo, sehemu ya betri na nyuma ya kebini.
4. Zima swichi kuu ya betri. Kama mashine haina, ifungwe; ni kazi ya saa moja.
5. Mtu mmoja abaki karibu dakika 30.

Sahani ya chini ndiyo inayosahauliwa. Imefungwa ili magogo yasipasue tangi na mipira, lakini inageuka kuwa pipa la taka: vumbi, majani na tone la oili kila siku. Wakati wa ukavu ifunguliwe kila jioni. Ni nzito, iwekee jeki kabla ya kutoa bolti ya mwisho, na usilale chini yake. Kama ina kidirisha cha kusafishia, bado ishushe nzima mara moja kwa wiki, maana kidirisha kinaonyesha robo tu.

Moshi ukionekana ukiwa kazini, shusha mikono ya mashine chini, zima, toa ufunguo, zima betri, toka na mtungi wa kuzimia moto. Usifungue boneti wazi; unaiingizia hewa. Ifungue ufa, elekeza poda ndani. Poda inaua mwali, ila kaa lililojificha ndani ya rundo la majani linabaki hai na litawaka tena baada ya dakika kumi. Kwa hiyo mtungi wa poda wa kilo 6 uwe na mwenzake: bomba la kupulizia dawa la mgongoni la lita 16, limejazwa maji matupu. Poda kwanza kwa oili na dizeli, maji baadaye kwa makaa. Bomba hilo lisiwe lile lililowekewa dawa ya magugu.

Injini mpya zenye filta ya masizi huchoma masizi yao zenyewe, na ekzosi hapo hufika karibu nyuzi 600. Taa yake ikiwaka, usiruhusu ifanye kazi hiyo msituni. Safisha, toka kwenye ardhi tupu, ndipo uiache ichome.

Kuna chanzo kimoja cha moto ambacho ni cha maweni hasa. Meno ya ngoma yakigonga jiwe yanatoa cheche, na cheche hazionekani kwa sababu ya vumbi. Kwenye ukoka mkavu inatosha. Juu ya mawe weka ngoma shibiri moja kutoka ardhini na ukubali visiki vifupi vibaki. Vitaondolewa kwa shoka.

Ngoma inatetemeka, inapungua nguvu au inakataa kuzunguka

Mtetemo ulioanza ghafla ni jino lililoruka au lililovunjika. Simamisha. Ngoma nzito inaendelea kuzunguka kwa muda baada ya kukata oili, wakati mwengine hata dakika nzima, kwa hiyo subiri mpaka uione imetulia, zima injini, toa ufunguo, ndipo ukaribie. Jino moja likibadilishwa, badilisha na lile linalolikabili upande wa pili wa ngoma, ili uzito ulingane. Jino jipya moja kati ya yaliyochakaa linatosha kutikisa kebini na kuua beringi polepole. Bolti ziwe mpya na zikazwe kwa spana ya kipimo, si kwa bomba lililochomekwa kwenye spana ya kawaida. Baada ya saa moja ya kazi kaza tena. Meno yakaguliwe kila unapojaza dizeli.

Mtetemo uliokuja kidogo kidogo unaashiria uchafu uliogandamana ndani ya ngoma au beringi inayokwisha. Gusa nyumba za beringi kwa kipimajoto. Ncha moja ikiwa na joto kuliko ya pili, hiyo ndiyo. Mara nyingi utakuta kitu kimejisokota kati ya ngoma na ukuta wake. Karibu na bahari, kuanzia Paje hadi Jambiani, kitu hicho ni kamba za mwani na nyavu kuukuu zilizotupwa vichakani. Mashambani ni waya wa uzio na mifuko ya viroba. Kamba inajikaza, inayeyuka, inakata sili, grisi inatoka na mchanga unaingia. Kila unapoona ncha ya kamba inaning'inia, zima na uikate yote kwa kisu siku ile ile. Beringi za ngoma hupigwa grisi kila siku, nyengine kila saa 8 hadi 10, mashine ikiwa bado moto kidogo, mpaka grisi safi itokeze pembeni.

Ngoma ikikosa nguvu huku injini haishuki mzunguko, oili haifiki: kapla, filta iliyoziba, au vali ya usalama. Injini ikishuka pamoja na ngoma, tazama filta ya hewa na ya dizeli kwanza. Filta ya hewa ya nje haikung'utwi kwenye tairi, ikiziba, inabadilishwa. Ile ndogo ya ndani haisafishwi kabisa.

Ngoma ikikataa kuzunguka kabisa baada ya kufungwa upya, angalia mlango wa kebini. Mashine nyingi za kazi hii zina swichi inayokataza ngoma mlango ukiwa haujafunga vizuri, na kijiti kilichokwama kwenye bawaba kinatosha. Wapo wanaoiruka swichi hiyo kwa kipande cha waya. Hiyo ni kumtoa opereta ngao.

Kuchomelea meno au mabamba hakufanyiki betri ikiwa imeunganishwa. Toa vichwa vyote viwili, na ardhi ya mashine ya kuchomelea ibanwe karibu kabisa na unapochomelea. Ukiibana kwenye fremu, umeme unapita kwenye beringi na kuziacha na vidonda.

Cheni: zinakatika, zinatoka, zinakwisha upesi

Cheni ya raba ina nyaya za chuma ndani yake. Jiwe la matumbawe haliisugui kama changarawe inavyofanya. Linaikata kati ya kashata mbili, yale matuta ya raba yanayokanyaga ardhi, kama kisu butu. Mkato wenyewe ni mdogo. Shida ni unyevu wa chumvi unaoingia mle, kutu inayotembea ndani ya waya, na siku moja cheni inakatika kwenye tambarare bila sababu inayoonekana. Kila asubuhi zungusha cheni nzima polepole huku utingo anatazama pembeni. Waya ukionekana unang'aa, osha kwa maji matamu, kausha, ziba kwa gundi ya raba ya kuzibia tairi. Ukionekana mwekundu, agiza cheni nyengine, hiyo imeshaamua.

Kinachoharibu cheni juu ya mawe ni kugeuka. Mashine hii inaweza kuzunguka ilipo, cheni moja mbele na nyengine nyuma, na ndiyo raha yake kwenye zege. Kwenye maweni mzunguko mmoja wa namna hiyo unang'oa kashata. Geuka kwa upana, kwa kwenda mbele na kurudi mara tatu, upande wa ndani ukiendelea kutembea. Usipande jiwe kwa nusu ya upana wa cheni: raba inapinda kwa urefu, vichuma vya ndani vinavyoiongoza vinapanda juu ya rola (vigurudumu vya chini), na cheni inatoka. Kabla ya kushuka gogo au ngazi ya jiwe, punguza kasi. Kuanguka kwa kishindo kunavunja gurudumu la mbele.

Cheni ikitoka mara ya pili kwa wiki, usiirudishe tu. Pima ulegevu. Inua mashine kwa jeki mpaka cheni ining'inie, pima nafasi kati ya rola ya katikati na cheni. Kwa mashine nyingi inakuwa milimita 15 hadi 30. Ikilegea zaidi inatoka, ikikaza zaidi inaua beringi za sproketi (gurudumu la meno linalovuta cheni) na kula dizeli. Kukaza ni kwa kuingiza grisi kwenye nipeli ya silinda ya kukazia. Kulegeza ni kwa kufungua vali yake mzunguko mmoja tu, umekaa pembeni, uso mbali. Grisi ile iko kwenye presha ya kutoboa mwili.

Kama ulegevu uko sawa na bado inatoka, chimba kati ya rola. Udongo wa kinamo wa mabondeni ukiachwa usiku unakauka kama tofali, na asubuhi rola hazizunguki, zinasuguliwa. Sepetu nyembamba na dakika 15 kila jioni, kazi yenyewe ndiyo hiyo. Kwenye vilima vya Pemba, panda na kushuka kwa kunyooka. Kutembea ubavuni mwa kilima kwenye udongo wa mvua kunasukuma cheni nje ya sproketi.

Na kabla cheni hazijagusa eneo, lipitiwe kwa miguu. Uwanda umejaa matundu yaliyofunikwa na majani, na chini yake pana mapango. Lile la Kuumbi, karibu na Jambiani, ni moja linalojulikana, yapo mengi yasiyojulikana. Tembea na panga na nondo ya mita moja na nusu, gonga, weka alama ya kitambaa palipo na mlio wa uwazi. Muulize sheha kuhusu visima vya zamani na makaburi, kwa sababu kaburi la kichakani halina bango. Mkarafuu na mkoko havisagwi bila kibali. Watu wote wakae mita 100 mbali ngoma inapofanya kazi, hasa upande inakotupa: jiwe la ukubwa wa yai linafika huko na nguvu zake.

Oili inavuja

Usitafute tundu kwa mkono. Oili ya bar 200 inatoka kwenye tundu lisiloonekana na kuingia chini ya ngozi bila maumivu makubwa. Alama yake ni kama ya sindano, na mtu hupuuza. Ni jeraha la upasuaji wa haraka, la kwenda hospitali saa ile ile na kumwambia daktari wazi kuwa ni oili ya presha. Tumia kipande cha boksi: kipitishe polepole karibu na mpira, tone litajichora.

Mpira uliotoboka mahali ulipogusana na chuma haukuharibika, umesuguliwa. Ukiweka mpya bila kubadilisha njia, utarudi hapo baada ya mwezi. Uvike ala ya nailoni nene, ufunge kwa kibano, uache nafasi mikono ya mashine inapopanda hadi juu. Mipira iliyo mbele, kati ya mashine na ngoma, ifunikwe kwa bamba au ala ya mpira mzito, maana ndiyo inayochomwa na vijiti vinavyorudi. Mpira wowote unaopita juu ya tabo uvikwe ala ya kuzuia moto.

Oili ikitoka kwenye shafti ya mota ya ngoma muda mfupi baada ya kuifunga, sili imelipuka, na sababu ni karibu moja: mpira mwembamba wa kurudisha mvujo haukuunganishwa, au kapla yake imeziba. Mota inavujisha kidogo kwa ndani kwa maumbile yake. Ikikosa pa kutolea, presha inapanda mpaka sili itoke. Mpira huo unaunganishwa wa kwanza na kufunguliwa wa mwisho. Uandike kwa rangi nyekundu ili hata msaidizi mgeni aujue.

Kebini, umeme, dizeli

Kioo cha kawaida cha mlango hakifai. Mlango wa kazi hii ni polikaboneti isiyopungua milimita 12, na kebini iwe imepita kipimo cha ISO 8084 cha kuzuia vitu vinavyoingia. Ikifanya ukungu au nyufa za utando, ibadilishe. Huoshwa kwa maji na sabuni. Petroli na tina huipasua. Opereta akilalamika AC haipozi, rudi kwenye rejeta, maana kipoza chake kiko kwenye daftari lile lile.

Taa zinazowaka na kuzima zenyewe, au mashine inayokataa kuwaka asubuhi baada ya kulala nje, ni soketi za nyaya zilizoota kijani. Zifungue, safisha kwa dawa ya kusafishia umeme, paka grisi ya silikoni, funga. Panya nao hupenda joto la injini na hula nyaya. Takataka za majani zikibaki ndani umewajengea kiota.

Dizeli ya pipa lililosafiri kwa chombo mara nyingi ina maji chini. Fungua koki ya kutenganisha maji kila asubuhi kabla ya kuwasha, na pipa liache litulie usiku kucha kabla ya kulivuta.

Chumvi, na vya kuwa navyo mkononi

Mashine ikishuka kwenye chombo Malindi au Mkoani, ioshe yote kwa maji matamu siku hiyo hiyo, chini kuliko juu. Silinda za haidroli zirudishwe ndani inapolala, ili fimbo zake zinazong'aa zisikae kwenye hewa ya bahari. Kutu ndogo kama kichwa cha sindano inakata sili. Fimbo zisizoweza kurudi ndani zipakwe grisi.

Kipuri kinachotoka Dar es Salaam kinaweza kuchukua siku kadhaa kufika Wete au Konde, na mashine ya kukodi inahesabiwa kwa saa. Sandukuni kusikose seti moja ya meno na bolti zake, mipira miwili ya ngoma iliyokwisha pimwa urefu, sili ya shafti ya mota, filta mbili za hewa na mbili za dizeli, filta ya oili ya haidroli, lita 40 za oili ya haidroli ya daraja lile lile lililomo tangini, mkanda wa feni, vizibo vya kapla, na katriji sita za grisi. Vizibo vinaonekana upuuzi mpaka siku kapla inapovuta mchanga na kuupeleka wote kwenye pampu.